Kamba ya Jirani

Mzee Vavřinec Holub alikata roho Jumanne asubuhi, kitandani mwake, miaka tisini na mitatu, ameshiba supu ya kuku na shuka lake limebadilishwa. Ilipofika saa nne kijiji kizima cha Zámezí kilikuwa na habari, na ilipofika saa tano kila mtu alikuwa amepata kisingizio cha kupita mbele ya nyumba ya Drahuše Kubešová. Huyu anakwenda kutazama samaki bwawani. Yule anamtembeza mbwa, na mbwa mwenyewe kazeeka, hataki kutembezwa. Wote walikuwa wametega sikio upande wa kikanisa. Walitaka kusikia kengele ikilia, au tuseme ukweli, walitaka kuhakikisha kwamba hailii.

Drahuše ndiye mpiga kengele wetu, kama walivyokuwa mama yake na baba yake. Na kwa miaka yote tuliyomjua alikuwa akisema waziwazi, dukani, baani, hata mbele ya padri: "Siku Holub atakapokufa, kengele ile haitakohoa." Tulikuwa tukicheka. Sasa siku imefika na hakuna aliyecheka.

Yeye mwenyewe alikuwa uani, na miaka yake sabini na miwili, mabuti ya mpira mpaka magotini, anazoa tope kwa sepetu. Mvua ya Jumapili ilikuwa imeuteremsha mlima ukaingia kwake: tope la manjano, mabua ya mahindi, na harufu ya dawa za shambani. Lilikuwa limejaa bandani, limefunika matuta ya vitunguu, limeingia mpaka jikoni chini ya mlango.

"Mwanaharamu wewe," aliliambia tope, akilitupa juu ya ukuta. "Na aliyekuleta ni mwanaharamu zaidi."

Alikuwa na haki ya kutukana, na mimi ninayesimulia namuunga mkono. Kijiji chetu kimekaa shimoni. Nyumba thelathini na moja zimezunguka bwawa, kikanisa kiko katikati, na juu ya vichwa vyetu kuna mteremko mrefu. Jina lenyewe, Zámezí, maana yake ni nyuma ya tuta. Tuta hilo lilikata mteremko wote katikati, pana kiasi cha kupita mkokoteni, limeota michongoma na miti ya cheri, na lilikuwa mpaka kati ya shamba la Kubeš na shamba la Holub. Maji ya mvua yalikuwa yakifika pale yanakaa, yanazama ardhini, yanatuacha na amani yetu. Mababu walilijenga kwa mikono, jembe baada ya jembe, miaka mia tatu. Leo tuta halipo. Kuna mahindi kutoka msituni mpaka kwenye kuta za nyumba, na kila mwezi wa sita tunalala na ndoo mlangoni.

Alois Kubeš, baba yake Drahuše, alilipenda tuta lile. Mwaka arobaini na mbili, Wajerumani walipokuja kukusanya kengele wakaziyeyushe ziwe mizinga, Alois aliishusha kengele yetu usiku, akaifunga kwa magunia, akaizika tutani chini ya michongoma. Walipomuuliza alisema imeibwa. Walimng'oa meno manne, na akaendelea kusema imeibwa. Vita vilipokwisha aliichimbua mwenyewe, akaitundika, akaipiga mpaka mikono ikatoa malengelenge. Drahuše alizaliwa mwaka huo.

Halafu Wakomunisti wakashika serikali, likaja jambo la ushirika. Mashamba yote yawe moja, ng'ombe wote wawe wa wote, na matuta yalimwe, maana matuta ni ubinafsi. Mwenyekiti alikuwa Vavřinec Holub, kijana wa miaka ishirini na minane, jirani wa Alois wa ukuta mmoja, mtu aliyekula mezani kwa Alois mara ngapi sijui. Vuli ya mwaka hamsini na mbili alikuja na trekta. Alois alipanda juu, akakaa katikati ya tuta, akatoa mkate na mafuta ya nguruwe, akaanza kula.

"Ondoka, Alois," Holub alimwambia.

"Nimekaa kwangu."

"Hakuna cha kwako tena. Ondoka, nisije nikaita watu."

"Ita."

Akaita. Walimbeba Alois wanaume wanne, mkate bado mkononi, na trekta ikapita. Mahakama ikampa miaka sita. Walimpeleka machimboni, kuchimba urani, na baada ya mwaka mmoja na miezi mitatu mkewe alipata barua ya mistari miwili: amekufa. Mwili hakuna, kaburi hakuna, na asiulize.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye uchungu wote. Kwetu, mtu akifa, anapigiwa kengele. Mkupuo ni mlio wa mfululizo: mwanamke mikupuo miwili, mwanaume mikupuo mitatu, na kati ya mkupuo na mkupuo kimya cha kutosha sala moja ya Baba Yetu. Asiyepigiwa amekufa kama mzururaji, hana kijiji. Na mpiga kengele mwenyewe akifa, hapigiwi na mtu wa nyumbani kwake. Kamba ni ya jirani wa ukuta mmoja. Mkono wa nyumbani ukishika kamba ile, maana yake marehemu hakuwa na jirani, na hiyo kwetu ni aibu kubwa kuliko kifungo.

Jirani wa ukuta mmoja alikuwa Holub.

Mjane alimshika Drahuše mkono, mtoto wa miaka minane, wakaenda kubisha. Holub alifungua mlango kiasi cha uso. "Kengele ya nani?" aliuliza. "Mimi sina habari ya mtu aliyekufa." Akafunga. Mjane alisimama pale kidogo, kisha akaenda nyumba ya pili, na ya tatu. Alibisha milango kumi na mmoja, theluji ikimwingia viatuni. Na watu wetu, watu ambao Alois alicheza na vitoto vyao, walisemaje? Kwamba si zamu yao! Kwamba desturi ni desturi, kamba ni ya Holub, wao watawezaje kuiba kamba ya jirani? Mmoja alisema ana unga mikononi. Babu yangu mimi alijifanya kiziwi. Hata leo nikikumbuka natamani kumtoa kaburini nimzabe kofi.

Hakupigiwa. Mjane aliichukua kazi ya kengele, maana hakuna mwingine aliyeitaka, akawapigia wote waliomfungia milango, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja mikupuo yake kamili. Alipokufa naye, mwaka themanini na moja, alimwambia bintiye neno moja tu: "Baba yako apigiwe kwa mkono wa Holub, Drahuše. Usikubali mwingine."

Drahuše aliishi na neno hilo. Alitaka kuwa mwalimu, akaambiwa binti wa tajiri mnyonyaji hafundishi watoto. Tajiri gani, mtu wa ng'ombe watano! Akakamua ng'ombe wa ushirika miaka thelathini na minne, mingi yake chini ya mwenyekiti yuleyule. Akaolewa, akafiwa, akampigia mumewe mwenyewe mikupuo mitatu bila kukosea. Serikali ile ilipoanguka, alivaa nguo yake ya kanisani akaenda kubisha mlango wa jirani. Holub alikuwa keshastaafu, amevaa kandambili.

"Mambo ya kale hayo, Drahuše," alimwambia. "Nina wageni."

Hakuwa na wageni wowote. Wote tunajua, aliyepita dirishani alimwona amekaa peke yake anatazama mpira.

Basi saa sita ile ya Jumanne, Otakar Holub, mwana wa marehemu, alivuka ukuta. Mtu wa miaka hamsini na minane, mkurugenzi wa kampuni iliyorithi shamba la ushirika, yaani mwenye mahindi, yaani mwenye tope. Alikuwa na suti nyeusi na viatu vya kung'aa, akasimama kwenye ubao ili asichafuke. Vlasta, rafiki yake Drahuše wa nyumba ya pili, alikuwa pale na sepetu yake anasaidia.

"Shangazi Drahuše," Otakar alianza. Alikuwa akimwita shangazi tangu utotoni, alipokuwa akija kuiba cheri uani kwake. "Baba ametutoka."

"Nimesikia. Alikufa kitandani?"

"Kitandani, ndiyo."

"Vizuri. Wengine hawakupata kitanda."

"Mazishi ni Ijumaa saa nane. Nimekuja kukuomba kengele."

"Na mimi nilikuwa nakungoja uje uniombe. Kwanza utampigia baba yangu. Kwa mkono wako. Halafu mimi nitampigia wako."

"Shangazi, baba yako alikufa mwaka hamsini na nne."

"Kwa hiyo umechelewa. Anza leo."

Uso wa Otakar ulipanda damu. Alisema yeye hakuwa amezaliwa. Alisema hawezi kusimama mbele ya kijiji, na maiti ya baba yake ndani, akakiri makosa ambayo hayajui. Halafu akatoa silaha yake. "Tuna mota ya umeme mle kikanisani, mwenyekiti wa kijiji aliifunga mwaka juzi. Nitabonyeza kitufe, basi."

"Kabonyeze."

Akaenda, tena kwa hasira. Tulimwona akiingia kikanisani. Kengele iliyumba juu, huku na huku, mota ikanguruma, na hakuna sauti iliyotoka. Aliporudi, Drahuše alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jikoni, na juu ya aproni yake, imejaa udongo wa viazi, kulikuwa na kipande cha chuma kirefu kama mkono wa mtoto. Ulimi wa kengele.

"Ulikuwa kwenye pipa la viazi," alisema. "Tangu Pasaka. Nilimwona baba yako anakonda."

Vlasta aliangua kicheko mpaka akashika ukuta. Otakar hakucheka. Alitazama tope, akatazama mteremko, na hapo akili yake ya biashara ikafanya kazi.

"Nitawarudishia tuta," alisema.

Vlasta aliuachia ukuta, akasogea karibu.

"Mita kumi na mbili za nyasi, pale pale lilipokuwa. Na cheri nitapanda. Vuli hii hii, naandika na kutia sahihi. Ila hilo la kamba tuliache."

Hebu fikiria. Miaka thelathini Drahuše alikuwa amedai tuta lile, ofisi hadi ofisi, barua juu ya barua, na wote waliomjibu walimwambia haiwezekani. Na sasa mtu anampa kwa dakika moja, amesimama juu ya ubao. Kumbe ilikuwa rahisi kiasi hicho! Kumbe kwake yeye kutoa shamba ni kitu chepesi kuliko kuvuta kamba! Drahuše aliona giza kwa hasira.

"Toka uani kwangu," alisema.

"Shangazi, fikiri vizuri."

"Toka, kabla sijakupiga na huu ulimi!"

Otakar akatoka. Lakini Vlasta alibaki, na Vlasta hakuwa tena rafiki. "Umerogwa?" alipiga kelele. "Chumba changu cha chini kimejaa tope mara tatu mwaka huu! Umemkaba koo, anakupa tuta, na wewe unataka nini? Kelele ya chuma kwa mtu aliyekufa miaka sitini na mitatu iliyopita! Alois mwenyewe angelichukua tuta!"

"Alois mwenyewe alikwenda machimboni kwa ajili yake."

"Ndiyo nasema, chukua!"

"Na wote mseme nini, Vlasta? Kwamba tumelipwa? Tope limekwisha, basi Alois naye amekwisha?"

"Wewe una kiburi, mwanamke. Kiburi kitupu. Watu wanakunywa tope kwa ajili ya kiburi chako."

Drahuše alisimama, akamnyooshea kile chuma. "Mama yako alikuwa na unga mikononi," alisema. "Nilikuwa nimesimama pale. Nilikuwa mfupi, macho yangu yalikuwa sawasawa na mikono yake. Haikuwa na unga, Vlasta. Ilikuwa safi."

Vlasta aliweka sepetu chini akaenda zake.

Siku tatu hakuna aliyemsalimia Drahuše. Jumatano mwenyekiti wa kijiji alikuja kumwambia ulimi ule ni mali ya umma. Drahuše alimwambia aite polisi wapekue viazi. Alhamisi mtu alimwachia tope mlangoni, ndoo nzima, kwa makusudi. Alilizoa. Jioni hiyo alikaa jikoni, na usidhani hakuyumba. Alifikiria watoto wa nyumba za chini wanaolala na mabuti kando ya kitanda. Alifikiria kwamba labda Vlasta anasema kweli, labda ni kiburi, na kwamba kesho Holub atazikwa kimya, yeye atakuwa ameshinda, na Alois atabaki vilevile, bila kengele na sasa bila tuta. Alilia kwa hasira, kisha akaenda kuupaka ulimi mafuta ili usishike kutu.

Ijumaa saa nane jua lilikuwa kali. Jeneza la Mzee Holub lilikuwa uwanjani mbele ya kikanisa, juu ya vigoda viwili, na pembeni yake wabebaji sita, wazimamoto wa kijiji, na sare zao nzito na kofia za shaba. Kwetu ndio wanaobeba. Padri alikuwa amesimama na kitabu. Saa nane ikapita. Saa nane na robo.

"Inueni," Otakar aliwaambia wabebaji.

Mkubwa wao, mtu mnene wa makamo, jasho linamtiririka shingoni, alitazama juu kwenye kengele. "Bila kengele hatuinui."

"Nimesema inueni!"

"Hatuinui, Otakar. Desturi ni desturi." Mtu huyo babu yake alikuwa mlango wa tano kati ya ile kumi na mmoja. Sijui kama alilikumbuka jibu la babu yake. Sisi tulilikumbuka, na wengi tulitazama chini.

Otakar aligeuka. Drahuše alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kikanisa, nguo nyeusi, chuma kimefungwa kwa taulo magotini. Alikuwa amekuja tangu saa saba.

"Unamwaibisha maiti," Otakar alimwambia.

"Najua inavyokuwa," alisema Drahuše.

Otakar alisimama. Alitazama jeneza, akatutazama sisi, mmoja mmoja, kama anayetafuta nani atamwambia asifanye. Hakupatikana. Hata Vlasta alikuwa ametazama pembeni. Basi alivua koti, akamkabidhi mkewe, akasema polepole, "Nionyeshe kamba."

Drahuše alipanda ngazi ya mbao, miaka sabini na miwili na magoti yale, akautundika ulimi mwenyewe, akateremka. Akamwekea kamba mikononi. Yeye akatoka nje, akasimama kwenye jua kali, maana mtu wa nyumbani haruhusiwi kuwa ndani.

Kengele ililia. Loo, mwanzo ilikuwa ovyo, chuma kinagonga pembeni, mtu hajui kuvuta wala kuachia. Kisha ikakaa sawa. Mkupuo wa kwanza. Kimya. Watu walivua kofia, wengine wakidhani ni ya Mzee Holub. Mama mmoja akaanza kumlilia. Mkupuo wa pili. Kimya, kimya kirefu, na Otakar akatokea mlangoni akijifuta mikono.

"Miwili?" mtu alinong'ona nyuma. "Kafa mwanamke?"

Drahuše alimgeukia Otakar. Sauti aliyoitoa sidhani kama Zámezí imewahi kuisikia.

"Rudi ndani! Anza mwanzo! Baba yangu alikuwa mwanaume!"

Otakar alisimama pale na shati limemlowa. Kisha aligeuka akaingia, na kengele ikaanza upya, mkupuo wa kwanza, na Baba Yetu, na wa pili, na Baba Yetu. Safari hii sala ilisikika. Mtu alikuwa akiisali kwa sauti. Alikuwa Vlasta, amevua kitambaa chake cha kichwa, na baada yake yule mzimamoto mnene, na baada yake mimi.

Mkupuo wa tatu ulipokwisha, Drahuše alisubiri mpaka mlio ukaisha kabisa mlimani, juu kule kwenye mahindi.

"Alois Kubeš," alituambia, kama vile hatujui. "Mpiga kengele."

Otakar alitoka, viganja vyekundu, hamtazami mtu. Drahuše alimpita mlangoni, akaning'iniza begi lake kwenye msumari ambao mama yake alikuwa akiutumia, akaishika kamba.

"Sasa inueni," aliwaambia wabebaji. Na akampigia Vavřinec Holub mikupuo mitatu, kamili, bila kukosea hata mmoja, huku machozi ya hasira yakimtiririka mpaka kidevuni, maana hakuwa amemsamehe.